Kicheko kimo kwenye kisa: kazi ya mwandishi wa vichekesho vya televisheni

Watu wengi wanaotaka kuandika vichekesho vya televisheni huanza kwa kukusanya utani. Wana daftari limejaa mistari mizuri, na wanaamini siku wakipata nafasi wataitoa mmoja baada ya mwingine, watu wacheke, kazi iishe. Kisha wanaingia kazini na kukuta siku tatu nzima zinapita bila mtu kuandika utani hata mmoja. Waandishi wamekaa mbele ya ubao wanabishana: huyu mhusika anataka nini, na kwa nini asikipate leo? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Utani huja baadaye, na huja kwa wepisi pale tu kisa kilipokaa sawa.

Tuchukue mfano. Meneja mmoja hawezi kumwambia mtu "hapana". Cheo kimoja kiko wazi, naye amewaahidi watu wawili. Hapo una hali, bado huna kisa. Swali la kwanza litakaloulizwa mezani ni hili: kwa nini asiseme ukweli tu? Kama ukweli unaweza kumaliza tatizo kwa sentensi moja, katikati ya episodi patalegea, na hakuna utani utakaopaokoa. Dawa yake ni kupandisha bei ya ukweli. Mmoja wa wale wawili ameshakataa kazi nyingine kwa kutegemea ahadi ile. Wa pili ameshamtangazia mama yake, na mama amekuja ofisini kumshukuru meneja ana kwa ana. Sasa kukiri kunauma. Meneja anadanganya ili apate nafuu ya dakika tano, na kila uongo mpya unamweka pabaya kuliko ule uliotangulia. Mwishoni wote wanne wanajikuta kwenye chumba kimoja. Ukifika hapo, hata sentensi ya kawaida kabisa kama "Hongera, nimesikia habari njema" inavunja watu mbavu, kwa sababu mtazamaji anajua asichokijua msemaji. Angalia: katika maneno hayo manne hamna utani wowote.

Vipimo vya kazi havibembelezwi. Nusu saa kwenye stesheni yenye matangazo humwachia mwandishi dakika 21 au 22. Ndani yake kuna onyesho fupi la kufungulia, la ukurasa mmoja au miwili, halafu sehemu mbili au tatu zinazotenganishwa na matangazo, na kipande kifupi cha kufungia. Kisa kikuu huchukua maonyesho kama 8 hadi 10. Kisa cha pili huchukua 4 hadi 6. Cha tatu, kikiwepo, hupata mawili au matatu, na mara nyingi ni jambo moja dogo linalorudi likiwa limekua. Kabla ya kila tangazo hali lazima iwe imegeuka. Kama onyesho lako la mwisho kabla ya matangazo linaishia kwa watu kukubaliana, umempa mtazamaji ruhusa ya kubadilisha stesheni.

Kuna namna mbili kuu za kupiga vipindi hivi, na kila moja inaandikwa kivyake. Cha kamera moja hupigwa kama filamu, onyesho kwa onyesho, bila watazamaji. Muswada wake huwa na kurasa 30 hadi 35. Cha kamera nyingi hupigwa jukwaani mbele ya watu. Mazungumzo yake huachiwa nafasi mbili kati ya mstari na mstari, maelezo ya matendo huandikwa kwa herufi kubwa, na kwa hiyo kurasa hufika 45 hadi 50 kwa muda uleule. Kosa la kawaida la anayehama kutoka kamera moja ni kusahau kwamba kicheko cha watu kinakula muda. Mwigizaji lazima asubiri kicheko kianze kushuka ndipo aseme mstari unaofuata, hivyo episodi inayochekesha kweli inahitaji maneno machache zaidi.

Mtindo huo wa kamera nyingi ulipata umbo lake kwenye I Love Lucy, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Oktoba 1951, ikipigwa kwa filamu na kamera tatu mbele ya watazamaji. Madelyn Pugh, mmoja wa waandishi wake, alikuwa na tabia ya kujaribu mwenyewe vituko vya mwili kabla ya kumkabidhi mwigizaji, aone kama vinafanyika. Kila mwandishi angefaidika kwa kuiga. Umeandika kwamba mtu amebeba trei mbili anafungua mlango? Simama, beba trei mbili, fungua mlango. Utagundua hakuna mkono wa tatu, na mara nyingi kicheko kimo humohumo ulimokwama. Kisha andika hatua zenyewe kwa mfuatano: kiwiko kinagusa kitasa, trei ya kushoto inainama, glasi inaanza kuteleza. Ukiandika tu "anahangaika na mlango, inachekesha sana", umemwachia mtu mwingine kazi yako.

Njia ya episodi kutoka wazo hadi kamera ina vituo ambavyo havirukwi. Kwanza wazo hutolewa kwa mdomo, sentensi mbili au tatu. Likikubaliwa, huandikwa ukurasa mmoja au miwili unaoeleza nani anataka nini, anazuiwa na nini, na mambo yanaishaje. Halafu chumba kizima cha waandishi huketi na kulipanga ubaoni, onyesho moja kwa kadi moja. Hiyo ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda mwingi. Mwandishi mmoja hukabidhiwa episodi, huenda kuandika muhtasari wa kurasa 8 hadi 12, na muhtasari huo husomwa na studio na stesheni, ambao hutoa maoni. Ndipo anapewa wiki moja au mbili za kuandika rasimu ya kwanza. Rasimu hurudi chumbani, ikaonyeshwa kwenye skrini, na wenzake wakaipitia mstari kwa mstari.

Wageni wa kazi hii huumia sana hapo. Rasimu uliyoitolea jasho inaweza kubaki na theluthi ya maneno yako, na jina lako bado likatokea kwenye skrini. Ndivyo kazi ilivyo, na kesho wewe ndiye utakayeipangua rasimu ya mwenzako. Anayedumu ni yule anayeweza kuutazama mstari wake bora ukifutwa saa nne asubuhi, na saa nne na dakika moja akawa anapendekeza mwingine.

Maoni ya stesheni nayo yanahitaji sikio. Msomaji akisema "mwisho haunichekeshi", mara nyingi mwisho hauna kosa: kilichokosekana ni taarifa fulani kwenye onyesho la pili. Akikupendekezea suluhisho lisilofaa, usibishane na suluhisho. Tafuta ni wapi alipochoka, urekebishe hapo. Watu wasioandika hukosea kuhusu dawa, lakini ni nadra kukosea kuhusu mahali panapouma.

Sasa utani wenyewe. Mhusika ni mchapakazi asiyeweza kukaa kitako, na rasimu ya kwanza inamsemesha hivi: "Nimeamua kuachana na yule daktari wangu kwa sababu kila siku ananiambia nipunguze kazi." Taarifa zote zimo, kicheko hakimo. Jambo la kushangaza limetangulia, sababu imefuata, na sikio limeshamaliza kazi katikati ya sentensi. Geuza: "Daktari kaniambia nipunguze kazi. Nimempunguza daktari." Maneno sita tu. Sehemu ya kwanza inakupeleka upande mmoja, ya pili inakugeuza, na neno linalogeuza limekaa mwisho kabisa. Baada ya neno hilo pasiwe na kitu. Ukiandika "nimempunguza daktari yule mwenyewe sasa", umempa mwigizaji maneno matatu ya kusema juu ya kicheko, na kicheko kitakufa. Katika Kiswahili hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu tunapenda kumalizia kwa "huyo", "wangu", "pale", "basi". Soma mstari kwa sauti, kata mkia, soma tena.

Jaribio la pili ni la majina. Funika majina ya wahusika kwenye ukurasa na usome. Kama mstari ule wa daktari angeweza kuusema yeyote, haujakamilika. Mlegevu akiusema, ni mstari wa mwandishi uliowekwa mdomoni mwa mtu. Mchapakazi akiusema kwa dhati, bila kujua kwamba anachekesha, unakuwa wake. Wahusika karibu hawajui kamwe kwamba wamo kwenye kichekesho. Wao wana shida na wanaishughulikia kwa uzito wote.

Jihadhari pia na kurundika. Mtu mwenye kofia ya ajabu anaingia chumbani, anateleza, huku anaimba: vitu vitatu vinagombania jicho moja, na hakuna kinachochekesha. Chagua kimoja. Na zile fomula ambazo kila mtu ameshazisikia, kama mhusika kuapa kwamba hatakwenda mahali, kisha picha inayofuata yuko palepale, bado zinafanya kazi mara chache, ila chumba chenye waandishi wazuri kitazikataa kwa sababu mtazamaji amefika mwisho kabla yenu.

Chumba chenyewe kina adabu zake. Humo mna waandishi kadhaa, msaidizi anayeandika kila linalosemwa, na mkuu wa kipindi ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Ukitoa pendekezo likapita kimya, unaweza kulirudia mara moja ukiwa umelinoa. Mara ya tatu unaudhi. Ukiona tatizo kwenye kisa, lilete pamoja na njia ya kulitatua, hata kama njia yenyewe ni dhaifu. Kusema "mstari wangu ni mbovu, lakini uelekeo ni huu" ni jambo la heshima kabisa, na mara nyingi mwenzako ndiye atakayeubadilisha kuwa dhahabu. Mwandishi mpya ajifunze kusikiliza wiki ya kwanza: mkuu anacheka wapi, anakataa nini, sauti ya kila mhusika ikoje. Hakuajiriwa kuonyesha sauti yake, bali kuandika kwa sauti ya kipindi. Anayengoja mpaka awe na pendekezo kamilifu atamaliza msimu bila kusema neno, na hataitwa tena.

Kwenye vipindi vya kamera nyingi, wiki ya kupiga ni mbio. Siku ya kwanza waigizaji wanakaa mezani na kuusoma muswada kwa sauti mbele ya waandishi na wakubwa. Waandishi huweka alama pembeni mwa kila mstari: palipochekwa, palipokuwa kimya, pale mtu alipokwama kutamka. Usiku huo wanaandika upya. Siku ya pili na ya tatu waigizaji wanafanya mazoezi na kuonyesha episodi nzima wakiwa wamesimama, na kila jioni kurasa mpya zinatoka, kwa karatasi za rangi tofauti ili asije mtu akashika toleo la jana. Siku ya nne ni ya kamera, ya tano ni watazamaji. Hapo waandishi husimama karibu na seti. Mstari ukikataa kuchekesha, wanakusanyika, mmoja anatoa mwingine, mwigizaji anaambiwa sikioni, na onyesho linarudiwa. Watu wale wale waliokaa kimya wanacheka, kwa sababu walikuwa wanautarajia mstari wa kwanza. Ndiyo maana mwandishi mwenye akili huja na mistari miwili au mitatu ya akiba kwa kila mahali anapopashuku.

Vipindi vya michezo mifupi ya kuigiza vina mwendo mwingine. Saturday Night Live, iliyoanza Oktoba 1975 kule New York, bado hufuata ratiba inayojulikana: Jumatatu mawazo, Jumanne kuandika hadi usiku wa manane na kupita, Jumatano kusomwa kwa michezo mingi kuliko itakayotumika, kisha Jumamosi mazoezi kamili mbele ya watu saa mbili usiku na matangazo ya moja kwa moja saa tano na nusu. Kati ya hayo mawili kuna michezo inayokatwa, hata iliyojengewa seti tayari. Vipindi vya mazungumzo ya usiku hula utani wa habari za siku hiyohiyo: mwandishi huanza asubuhi na vichwa vya habari, hutuma makumi ya mistari kabla ya mchana, na akipata miwili au mitatu hewani amefanya vizuri. Huko wingi na kasi ni sehemu ya ustadi.

Mlango wa kuingilia ni kazi iliyoandikwa. Andaa miswada miwili ya episodi za kwanza za vipindi ulivyobuni mwenyewe, mmoja uwe wa mtindo tofauti na mwingine. Tumia mpangilio rasmi: herufi za Courier za ukubwa wa 12, faili ya PDF, bila picha wala rangi. Msomaji ana rundo mbele yake, na ukurasa wa tano ndipo wengi huamua kuendelea au kuweka chini. Basi mhusika wako aonekane akitaka kitu na akikosea kukitafuta ndani ya kurasa tatu. Kinachoangusha miswada mingi ya kwanza ni kwamba inatumia episodi nzima kueleza watu walivyokutana, ikamaliza bila kuonyesha kipindi chenyewe kitakuwaje wiki ya saba. Andika episodi inayofanana na zile zitakazofuata. Kwa vipindi vya usiku au michezo mifupi, hauhitajiki muswada mrefu: kinachotakiwa ni kifurushi cha utani wa habari na michezo michache, na maelekezo ya kipindi husika yafuatwe neno kwa neno. BBC huko Uingereza hufungua dirisha la kupokea miswada ya watu wasio na wakala wa kuwauzia kazi, katika nyakati maalumu za mwaka, nafasi ambayo ni adimu mahali pengi.

Uingereza ina desturi ya mwandishi mmoja au wawili kuandika msimu wote, kwa kawaida episodi sita. Fawlty Towers ina episodi 12 tu, misimu ya 1975 na 1979, na zote ziliandikwa na John Cleese na Connie Booth. Marekani hupendelea chumba, na ndani ya chumba kuna ngazi: mwandishi wa kuanzia, halafu mhariri wa visa, kisha vyeo kadhaa vyenye neno "mzalishaji" ndani yake, hadi mkuu wa kipindi. Kila ngazi inaongeza mshahara na pia majukumu: kukaa kwenye uteuzi wa waigizaji, kusimamia upigaji wa episodi yako, kukaa chumba cha uhariri. Usiikwepe kazi ya uhariri. Ukiona mistari yako saba ikikatwa na kisa kikaendelea bila kuukosa hata mmoja, rasimu yako inayofuata itakuwa fupi. Na ukisimamia seti, utajua kwa nini onyesho la usiku, nje, lenye mtoto na mbuzi linaweza kula bajeti ya maonyesho manne.

Fedha zinataka utulivu wa akili, kwa sababu kazi hii ni ya msimu. Zamani stesheni kubwa za Marekani ziliagiza episodi 22 kwa mwaka. Sasa misimu mingi ni ya 8 au 10, maana yake wiki chache za mshahara na miezi mingi ya kungoja. Wakala huchukua asilimia 10, na ukiwa na mwanasheria, mara nyingi yeye huchukua 5. Weka akiba kana kwamba msimu ujao haupo. Mgomo wa Writers Guild of America, chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani, ulioanza tarehe 2 Mei na kukoma 27 Septemba 2023 ulihusu mambo haya haya. Makubaliano yake yaliweka idadi ya chini ya waandishi: watatu kwa msimu wa episodi hadi 6, watano kwa 7 hadi 12, sita kwa 13 na zaidi, isipokuwa pale mwandishi mmoja anapoandika zote. Yaliamua pia kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba, na kwamba maandishi ya mashine hayahesabiki kuwa kazi ya kifasihi. Ni ushindi wa kweli, na unafaa kujulikana hata na waandishi wa nchi zisizo na chama, kwa sababu unaonyesha mambo ya kudai.

Kwa hiyo kabla ya kusaini popote, angalia mkataba unasema nini kuhusu hatua za malipo. Muhtasari ulipwe, rasimu ya kwanza ilipwe, ya pili ilipwe, na idadi ya marekebisho itajwe kwa tarakimu. Mkataba unaosema "marekebisho mpaka mzalishaji aridhike" unakufunga kazi ya bure isiyo na mwisho. Angalia nani anabaki na haki za wahusika uliowabuni kama kipindi kitasimamishwa, na kama utalipwa episodi ikirudiwa au kuuzwa kwingine. Kama mzalishaji anataka tu kulishikilia wazo lako akitafuta mnunuzi, muda uwe na ukomo, mara nyingi miezi 12 au 18, na alipie kulishikilia. Kisha hifadhi kila rasimu ikiwa na tarehe. Penye chama, ugomvi wa nani atajwe kuwa mwandishi huamuliwa kwa kusoma rasimu zote: katika Writers Guild of America, waamuzi watatu huzipitia bila kuona majina, mwandishi wa kwanza akiitwa A, anayefuata B, na kinachohesabiwa ni kilichomo kwenye kurasa.